Kupata spea za uhakika za kampa kuukuu Dar es Salaam: mwongozo kamili

Kinachoilaza kampa kuukuu, yaani vani ya kulala safarini, gereji wiki nzima mara nyingi si ubovu wenyewe, ni spea iliyonunuliwa sivyo. Breki pedi zinafanana kwa macho lakini zimezidi milimita mbili, haziingii. Taiming belti ina jina kubwa kwenye boksi na mpira dhaifu ndani. Beringi imeoshwa kwa petroli ikang'aa, ikauzwa kama mpya. Dar es Salaam ina karibu kila kitu ambacho Hiace inahitaji, ila kizuri na kibovu vinakaa shelfu moja, na muuzaji hawezi kukuchagulia sawasawa kama umefika kaunta na sentensi moja tu: "Nipe spea ya Hiace."

Mwongozo huu unahusu zaidi Toyota Hiace iliyofungwa kitanda, friji na jiko, kwa sababu ndiyo vani ambayo mafundi wa mjini wameilea tangu enzi za vipanya. Wenye Volkswagen na Mercedes-Benz wana sehemu yao mbele.

Hatua ya 1: Lisome gari kwenye chuma, si kwenye kadi

Kadi ya gari inataja kilichosajiliwa. Gari lenyewe linaweza kuwa limeshabadilishwa injini, giaboksi au difu (gia za ekseli) bila kadi kuguswa. Anza na kibati cha chasisi. Kwenye Hiace kinaweza kuwa kwenye nguzo ya mlango wa mbele, chini ya kiti au jirani na injini, kutegemea toleo. Kipige picha ya karibu, kisomeke chote, pamoja na mistari ya chini inayotaja rangi, giaboksi na ekseli.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ya tarakimu 17 kama magari ya Ulaya. Lina msimbo mfupi, kistari, kisha namba ya mfululizo: kwa mfano KZH106, halafu tarakimu saba. Herufi za mwanzo zinataja familia ya injini iliyotoka nayo kiwandani. LH ni dizeli za L, yaani 2L, 3L au 5L. RZH ni petroli za RZ. KZH ni 1KZ-TE ya turbo. Kwenye kizazi kilichoanza mwaka 2004, TRH ni petroli za TR na KDH ni dizeli za KD. Kizazi cha kabla yake, kinachoitwa H100, kilianza mwaka 1989, na ndicho kilichobeba kampa nyingi ambazo leo zina umri wa mtu mzima.

Sasa nenda kwenye injini yenyewe, usome namba iliyogongwa kwenye bloku. Futa mafuta kwa brashi ya waya na dizeli kidogo, washa tochi. Usipuuze hatua hii hata kama uliambiwa injini haijaguswa, kwa sababu familia ya L hubadilishana kirahisi na kwa nje zinafanana. 2L ina silinda za milimita 92, 3L milimita 96, 5L milimita 99.5. Pistoni, ringi na gasketi ya hedi (kichwa cha injini) za moja hazifai kwa nyingine. Ukikuta 5L ndani ya gari ambalo kibati chake kinasema 2L, basi kuanzia siku hiyo unatafuta spea za injini kwa namba ya injini, na za breki, usukani na bodi kwa namba ya chasisi. Ziandike zote mbili kwenye karatasi moja, uibandike ndani ya mlango wa kabati la kampa. Na kama kadi haisemi ukweli kuhusu injini, rekebisha TRA kabla ya kuuza gari au kuvuka nalo mpaka.

Hatua ya 2: Badilisha jina la spea liwe namba

Toyota hutumia namba ya tarakimu kumi, tano kwa tano. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani, tano za pili zinasema ni cha gari lipi. Ukizijua chache za kwanza, muuzaji anajua mara moja kwamba hujaja kubahatisha:

04465 – breki pedi za mbele
04495 – breki shuu za nyuma
13568 – taiming belti
16100 – wota pampu
17801 – filta ya hewa
23390 – filta ya dizeli
90915 – filta ya oili
31250 – sahani ya klachi
43330 – boljointi
45046 – tairodi endi
48815 – bushi za stabilaiza

Tano za pili zinapatikana kwenye katalogi ya vipuri. Toyota Tanzania, Barabara ya Nyerere, wanaweza kuitafuta kwa namba ya chasisi. Mtandaoni, Amayama na PartSouq zinaonyesha michoro ya kila sehemu ya gari ukiingiza namba hiyo hiyo. Hata kama hutanunua huko, pata namba, kisha ingia nayo Kariakoo.

Zipo hitilafu mbili za kuziangalia. Ya kwanza: kiwanda hubadilisha namba. Spea ya mwaka 1995 inaweza kuwa na namba mpya leo, na duka likakujibu kwamba haipo wakati ipo kwa jina lingine. Katalogi nzuri huonyesha namba iliyorithi, kwa hiyo andika zote mbili. Ya pili: herufi YZZ katikati ya namba si dalili ya ufeki. Toyota huzitumia kwenye spea nyingi za kawaida za matengenezo zinazouzwa nje ya Japani.

Gasketi ya hedi ya injini za L inastahili aya yake, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Gasketi hizi zina unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F, na aina inachaguliwa kwa kupima pistoni zinatokeza kiasi gani juu ya bloku zikifika kileleni. Fundi anayekutuma "lete gasketi ya 3L" bila kupima anabahatisha. Nyembamba kupita kiasi, pistoni hukaribia vali mno. Nene kupita kiasi, mgandamizo hushuka na gari huwaka kwa tabu asubuhi. Soma alama kwenye gasketi ya zamani kabla haijatupwa. Kama bloku imechongwa, pima upya, usitegemee alama ile.

Hatua ya 3: Pima, halafu nenda na kitu cha zamani mkononi

Nunua vernia ya milimita 150. Hata ya plastiki ni bora kuliko kukisia. Spea nyingi zisizo na namba ya Toyota hununuliwa kwa vipimo, na vipimo vyenyewe viko wazi kwa anayejua kuvisoma.

Beringi ya altaneta, kwa mfano, itakuwa imeandikwa kitu kama 6203-2RS. Hiyo ni tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12, na mipira ya kuziba pande zote mbili. 6303 ina tundu lile lile la 17, lakini nje ni 47 na unene 14. Ukikosea tarakimu moja, haiingii kwenye nyumba yake. Ukiona C3 mwishoni, inunue yenye C3, maana hiyo ina nafasi zaidi kidogo ndani ili isikaze ikipata moto. Beringi za magurudumu za koni hununuliwa na kikombe chake. Koni mpya kwenye kikombe cha zamani hula kikombe, kisha hujila yenyewe.

Sili za oili zina vipimo vitatu vilivyochapwa kwenye mpira: ndani, nje, unene. Fani belti yenye mifereji huandikwa kwa mtindo wa 4PK890, yaani mifereji minne na urefu wa milimita 890. Kama injini inatumia belti mbili sambamba, nunua jozi ya boksi moja, vinginevyo moja itabeba kazi yote. Diski ya breki ina maandishi MIN TH na namba pembeni: ikiwa vernia inasoma chini ya hapo, haichongwi tena, inabadilishwa. Betri ya Kijapani ya 95D31R ina urefu wa takriban sentimita 31, na herufi ya mwisho huonyesha nguzo zimekaa upande gani. Ukileta 95D31L, nyaya hazitafika.

Matairi yana mtego ambao kampa huuingia kuliko gari lingine lolote. Rimu ya inchi 15 inapokea tairi ya 195/65R15 ya gari dogo, na bei yake inavutia. Soma faharasa ya mzigo: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Hiace inataka tairi ya mizigo, yenye C au LT, na faharasa kama 106 ambayo ni kilo 950, au 107 ambayo ni kilo 975. Kampa ina kitanda, maji, betri na friji ndani yake siku zote, haishushi mzigo jioni. Tarehe nayo isome ubavuni: tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT ni wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hatua ya 4: Amua daraja la spea kabla ya kuulizwa "orijino au ya kawaida?"

Jibu la swali hilo linategemea kitu chenyewe. Spea yenye nembo ya Toyota ni salama lakini si lazima kila mara, kwa sababu Toyota yenyewe hununua kwa viwanda vingine ambavyo huuza pia kwa majina yao: Aisin kwa wota pampu na klachi, Denso kwa plagi na vifaa vya umeme, Koyo, NSK na NTN kwa beringi, NOK kwa sili, KYB kwa shokapu, Advics na Akebono kwa breki. Kwa boljointi na tairodi, 555 ya Japani inaheshimika sana na mafundi, na kwa sababu hiyo hiyo inaigwa sana.

Mtumba wa Japani nao una heshima yake pale unapostahili. Milango, taa, vioo, vitasa, viti, stata, altaneta, giaboksi na difu vinafaa kununuliwa vimetumika, maana kifaa cha kiwandani kilichotembea Japani mara nyingi ni bora kuliko kipya cha kuiga. Kwa difu, hakikisha uwiano wa meno unafanana na ulioandikwa kwenye kibati chako sehemu ya ekseli. Usinunue mtumba wa kitu chochote cha mpira au kinacholika: breki pedi, shuu, mipira ya breki, taiming belti, mipira ya rejeta, boljointi, tairodi, sili, wota pampu. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa tu.

Injini ya mtumba inahitaji kipimo cha mgandamizo, si kusikiliza tu. Kwa dizeli za L, silinda nzima husoma karibu kilo 32 kwa sentimita mraba. Chini ya 20 imekwisha, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Muuzaji asiyekubali kupimiwa anauza chuma chakavu kwa bei ya injini, hata kama hajui hivyo.

Hatua ya 5: Sokoni

Spea mpya ziko kwa wingi Kariakoo upande wa Gerezani, na zilizotumika utazikuta Ilala, Shauri Moyo. Acha kampa nyumbani. Panda mwendokasi ushuke Gerezani, saa tatu asubuhi siku ya kazi, kabla joto na msongamano havijawachosha wauzaji. Ijumaa mchana maduka mengi hufunga kwa muda wa sala, na Jumamosi jioni hakuna mwenye subira ya kukufungulia boksi la pili.

Winga atakufuata kabla hujavuka barabara. Winga si mwizi. Ni mtu anayeishi kwa tofauti ya bei, na kwa kitu adimu anaweza kujua duka ambalo usingelipata mwenyewe hata ukizunguka siku nzima. Ila tofauti hiyo unailipa wewe, na duka analokupeleka limechaguliwa kwa faida yake. Kwa spea za kawaida mshukuru, pita. Kwa kitu kilichokushinda, mpe namba kwenye karatasi na mkubaliane bei yake kabla hajaanza kukimbia.

Ingia angalau maduka matatu. Toa namba, si jina, kisha nyamaza. Duka linalofungua katalogi au kompyuta ni dalili njema. Duka linalosema "hii inaingia tu, fundi atachonga kidogo" ni la kuliaga. Bei mbili zikikaribiana na ya tatu ikawa nusu yake, ya tatu haihusu spea ile ile.

Fundi wako mpende, lakini usimpe pesa akanunue peke yake. Cha juu, yaani nyongeza ya siri kwenye bei, ni desturi ya gereji, na fundi anayechukua cha juu atakwenda kwenye duka linalompa kingi, si lenye spea bora. Mlipe siku yake waziwazi kama unataka aje mkague pamoja. Macho yake yana thamani hiyo. Na mwambie tangu mwanzo kwamba kila kitu cha zamani kinachotolewa kwenye gari kinarudi kwako.

Kabla ya kulipa, maliza suala la kurudisha. Risiti nyingi zimechapwa kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Muuzaji mwenye spea nzuri atakubali kuandika kwa mkono nyuma ya risiti siku ngapi anabadilisha kama haikuingia. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uombe namba ya spea iandikwe, siyo "vipuri" tu. Ikija kugundulika ni feki, risiti hiyo ndiyo utakayokwenda nayo Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia sheria dhidi ya bidhaa bandia.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa kaunta

Boksi si ushahidi. Maboksi halisi huokotwa gereji yakajazwa upya, na ya kuiga huchapwa vizuri sana. Fungua, toa kitu, kipeleke kwenye mwanga.

Breki pedi: angalia kama namba iliyogongwa kwenye bamba la chuma inapatana na boksi. Kingo za pedi nzuri zimekatwa safi na zote nne zinafanana. Bonyeza kwa ukucha pale sehemu inayosugua diski inapokutana na bamba: pasiwe na mwanya wala gundi iliyomwagika. Pedi ya feki hupiga kelele, na mbaya zaidi hupoteza mshiko ikipata moto, kwa mfano ukishuka mlima na kampa imejaa.

Filta ya oili: chungulia tundu la kati na vile vidogo vinavyolizunguka. Nyuma ya vidogo kuna vali ya mpira inayozuia oili isirudi injini ikizimwa. Iguse kwa bisibisi: iwe laini na irudi mahali pake. Ikiwa ngumu kama plastiki, taa ya oili itachelewa kuzimika kila asubuhi, na kila asubuhi injini italika kidogo.

Boljointi na tairodi: chuma kigongwe alama, zisichapwe kwa rangi. Zungusha pini kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito na ya kulainika sawasawa, bila kugota. Buti la mpira likae vizuri, na nati ya taji na kota pini viwe ndani. Taiming belti: maandishi yasifutike kwa kidole chenye mate, meno yote yawe na kitambaa kisicho na nyuzi zinazotoka, na belti isiwe imekunjwa kama kamba ya viatu ndani ya boksi. Plagi: fito ya kati ikae katikati kabisa, na kaure isiwe na ufa.

Vitu viwili vya kununua kwa seti

Kwanza ni kazi ya taiming belti kwenye dizeli za L na 1KZ-TE. Muda wake ni kilomita 100,000, na magari ya Japani huwasha taa ya T-BELT yakifika hapo. Lakini mita ya gari la umri huu haiaminiki, na taa inaweza kuwa imezimwa. Kama huna karatasi ya lini ilibadilishwa, ibadilishe sasa. Ikikatika, pistoni hugonga vali, na hapo hakuna tena suala la belti. Seti ni belti, beringi zake za tenshena, sili ya mbele ya krenki shafti na sili ya kamshafti. Kubadilisha belti na kuacha sili inayovuja ni kazi bure: oili hulainisha mpira na kuula. Injini za RZ na TR zina cheni, hamna belti ya kukatika.

Pili ni mfumo wa kupooza. Injini ya Hiace iko chini ya viti, hewa ni haba, na hedi ya 1KZ-TE inajulikana kwa kupasuka ikichemka. Watu hununua hedi mpya, hufunga, na miezi baadaye inapasuka tena kwa sababu iliyoipasua ya kwanza bado ipo. Kabla ya kufunga hedi, badilisha pamoja: themostati, mfuniko wa rejeta wenye kipimo kile kile kilichochapwa juu yake, mpira wa juu na wa chini, na vibana vyake. Rejeta ipelekwe kufunguliwa na kusafishwa mirija, isipitishwe maji tu. Klachi ya fani izungushwe kwa mkono injini ikiwa ya moto imezimwa: ikizunguka huru kama pangaboi, imekwisha. Kisha jaza kuulanti, kimiminika maalumu cha rejeta, si maji ya bomba wala ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hiyo huila hedi ya alumini kutokea ndani.

Kampa ina jambo lake kwenye breki za nyuma. Hiace nyingi zina vali inayopima ekseli imekaliwa kwa uzito gani na kugawa nguvu ya breki. Hewa ya chumvi ya Kigamboni na Bagamoyo huigandisha, na mafundi wengine huiunganisha moja kwa moja ili kukwepa usumbufu. Usikubali. Tafuta ya mtumba iliyo hai, itoe kutu, irekebishe kwa uzito wa kampa ikiwa na vitu vyake.

Upande wa nyumba

Friji za kampa za kompresa mara nyingi zinatumia Danfoss BD35, ambayo sasa huuzwa kwa jina la Secop. Ikikataa kuwaka, usinunue kompresa. Boksi la elektroniki lililobandikwa ubavuni ni spea yake yenyewe, na kwanza litakwambia tatizo: unganisha taa ndogo ya LED kati ya vituo vya + na D, uhesabu miako. Mmoja ni volti ndogo, miwili ni feni inavuta umeme mwingi, mitatu ni mota imeshindwa kuanza, minne ni mota inakwenda polepole mno, mitano ni joto la elektroniki. Mwako mmoja ndio wa mara kwa mara, na dawa yake ni waya. Kwa volti 12, waya wa milimita mraba 2.5 unatosha mita 2.5 tu, wa 4 mita 4, wa 6 mita 6. Fyuzi ni ampea 15. Fundi wa friji akitaka kujaza gesi, asome kibandiko kwanza: BD35F ni R134a, BD35K ni R600a, hazichanganywi.

Pampu ya maji ya volti 12 huharibika dayaframu au swichi ya presha kabla ya mota. Waulize wauzaji wa vifaa vya boti na vya sola, nenda na kibandiko chenye volti na presha. Mikono ya gesi inayoinua paa ina nguvu yake iliyochapwa kwa N (nyutoni), nayo hununuliwa miwili kwa N na urefu ule ule. Mikono dhaifu huangusha paa juu ya mtu. Mpira wa dirisha unahitaji kipande cha sentimita tano kilichokatwa kutoka kwenye wa zamani, maana unene wa bati na wa kioo ndio unaoamua. Turubai la paa linashonwa vizuri sana na wanaoshona maturubai ya malori, ukiwapa la zamani kama kielelezo badala ya vipimo.

Jiko la Ulaya huwa limechapwa presha ya gesi ya 30 mbar. Nunua regyuleta inayoshika vali ya mtungi utakaotumia hapa, wa kilo 6 au 15, yenye presha hiyo, na mpira mpya wenye tarehe. Paka povu la sabuni kila kiungo. Likitoa mapovu, usiwashe.

Volkswagen, Mercedes-Benz na kuagiza nje

Namba za Volkswagen huanza na gari: 251 ni T3, 701 na 7D0 ni T4. Mercedes-Benz Sprinter ya kwanza huanza na A901 kwenye spea nyingi. Wenye T3 wana bahati ya jirani: Afrika Kusini iliendelea kuitengeneza hadi mwaka 2002, miaka kumi baada ya Ulaya kuacha, hivyo bodi, vioo na vya chini ya gari hutafutwa huko kwanza. Injini ni kesi tofauti, kwa sababu matoleo ya mwisho ya Afrika Kusini yalifungwa injini za silinda tano.

Ukiagiza, kusanya mahitaji ya mwaka mzima yaje kwa safari moja, kwani usafiri wa kitu kimoja kidogo hula bei yake. Mwombe wakala wa forodha makadirio kwa maandishi kabla ya kulipa muuzaji. VAT ya 18% haipigwi kwenye bei ya spea peke yake, bali pia juu ya usafiri, bima na ushuru. Ankara iwe na namba ya kila spea na bei halisi.

Sanduku la akiba

Kwa safari ya Mikumi au zaidi, beba: fani belti seti moja, filta za dizeli mbili, filta ya oili moja, mpira wa rejeta wa juu na wa chini, vibana sita, beringi za gurudumu moja la mbele pamoja na sili, mipira ya silinda za breki za nyuma seti mbili, mpira mmoja wa breki wa mbele, fyuzi za kila ukubwa, balbu, na mafuta ya breki ya DOT 3 nusu lita isiyofunguliwa. Chupa iliyofunguliwa hunyonya unyevu wa pwani. Usikubali hata kwa dharura kujaziwa mafuta ya usukani au giaboksi kwenye breki: mipira yote huvimba, na kuanzia masta silinda hadi magurudumani huna cha kuokoa.

Belti na mipira vikae mbali na jua na joto la injini, belti zikiwa mduara bila kukunjwa. Andika tarehe ya kununua juu ya kila pakiti kwa kalamu ya wino mzito. Na ukishafunga spea, chana boksi lake vipande kabla hujaondoka gereji, lisiende kujazwa tena.